Mafundi wa Tena ni walimu tuliowafungia lango

Ijumaa jioni ya juma lililopita, jirani yangu hapa mtaani Tena alinibishia mlango akiwa amekunja uso. Mwanawe, mvulana wa Gredi ya Sita, alikuwa ameagizwa na shule apeleke kikapu Jumatatu asubuhi. Sharti kikapu hicho kiwe kimefumwa na mwanafunzi kwa mikono yake mwenyewe, kwa maana kingetiwa alama. Mama huyo hakuja kuniuliza namna ya kufuma. Alikuja kuniuliza kama ninalijua duka lolote ambako angepata kikapu kidogo, kisiwe kizuri mno, ili mwalimu asishuku.

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka kinywani. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninajua kuwa jirani yangu hakuwa wa kwanza wala hatakuwa wa mwisho. Kila muhula, maduka ya vifaa vya shule huuza kazi za mikono ambazo mikono ya watoto haijazigusa. Mtoto hubandika jina, mwalimu hutia alama, mzazi hulipa. Nilimwambia mama aniazime mtoto Jumamosi asubuhi, na kwamba kikapu kisimwondolee usingizi.

Kwa msomaji asiyeijua Tena, huu ni mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, ulioshikana bega kwa bega na Umoja na Donholm, na barabara ya Outering haiko mbali. Hauna makavazi wala ukumbi wa maonyesho. Anayetaka kuona sanaa huambiwa apande gari aende katikati ya jiji, au avuke hadi Westlands, akaitazame ikiwa imetundikwa ukutani na bei yake pembeni. Hapa kwetu kuna vibanda, mafundi na kelele. Basi mimi na kijana tulitoka kwenda kwa mafundi hao, na hatukuhitaji nauli.

Tulianzia kwa mama mboga wa pembeni mwa barabara yetu. Nimenunua sukumawiki kwake kwa miaka, na siku zote nimemwona akiwa na kazi mapajani wateja wanapoadimika. Mimi, mtu niliyejidai kuwa mwalimu, sikuwahi kumuuliza anafanya nini. Jumamosi hiyo niliuliza. Alinyanyua kiondo kilichofika nusu, akakigeuza juu chini, akamwonyesha mtoto kitako.

"Kazi yote iko hapa," alisema. "Kitako kikienda upande, kiondo kizima kitakwenda upande, na hutaweza kukirekebisha ukiwa juu."

Akaeleza kwa vidole kuliko kwa maneno. Kuna nyuzi zinazosimama, ambazo ni mifupa ya kiondo. Hizo ni za mkonge, zilizosokotwa kwa kuviringwa juu ya paja hadi zikaza. Kuna nyuzi mbili zinazozunguka, moja ikipita mbele na nyingine nyuma ya kila uzi uliosimama, zikipishana na kubanana. Kadiri duara linavyopanuka ndivyo nyuzi mpya za kusimama zinavyoongezwa, na hapo ndipo hesabu inapoingia: ukiongeza nyingi kitako kinajikunja kama jani la kabichi, ukiongeza chache kinakuwa bakuli kabla ya wakati. Bibi yake huko Ukambani, alisema, alitumia nyuzi za gome la mbuyu na rangi za mizizi na majani. Yeye hutumia mkonge wa sokoni, na kwa rangi hutumia nyuzi za sufu.

"Sufu unainunua wapi?" mtoto aliuliza.

"Sinunui sufu. Ninanunua sweta kuukuu la mitumba, ninalifumua."

Mtoto alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemficha siri hiyo. Mama akampa fungu la mkonge kwa bei nafuu, akamwagiza alete sweta, arudi kabla ya saa sita.

Hapa lazima nikiri jambo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, ulikuja na ahadi kwamba mtoto wa Kenya atajifunza kujitegemea kwa kazi ya mikono. Sanaa na Ufundi likawa somo la kutahiniwa katika KCPE. Wazazi kote nchini walichanga pesa za harambee kujenga karakana, na nyingine hazikupata hata nyundo moja. Nami nilifundisha somo hilo. Nilifundisha ufumaji kwa chaki. Nilichora nyuzi ubaoni, za kusimama na za kulala, nikaandika majina yake, wanafunzi wakanakili. Mtihani ulikuwa wa kuchagua jibu moja kati ya A, B, C na D, na wanafunzi wangu walichagua vizuri sana. Sidhani hata mmoja wao angeweza kufuma kifuniko cha kibuyu. Wakati huohuo, nje ya lango la shule, akina mama walioijua kazi ile tangu utotoni walikuwa wakiwauzia watoto haohao maembe na njugu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo likaondolewa kwenye mtihani, pamoja na mengine ya aina yake, kwa sababu wazazi na walimu tulilalamika kuwa mzigo umezidi. Lilibaki kwenye ratiba kwa jina tu. Kipindi cha sanaa nilikigeuza kikawa cha hisabati, na hakuna mzazi aliyekuja kulalamika. Wengine walinishukuru. Sasa KCPE yenyewe haipo tena, kwani mtihani wa mwisho ulifanywa mwaka wa 2023, na mtaala wa umilisi umeirudisha sanaa darasani, hata ikawa mojawapo ya mikondo mitatu ambayo mwanafunzi anaweza kuifuata katika sekondari ya juu. Nilifurahi niliposoma hayo. Kisha Ijumaa jirani akanibishia mlango.

Turudi kwenye sweta. Kibanda tulichokwenda ni cha binti mmoja aliyemaliza chuo na kukosa kazi, hadithi ambayo msomaji wangu mwanafunzi hahitaji kuelezwa zaidi. Yeye hauzi mitumba kwa rundo. Huamka alfajiri kwenda Gikomba, mabeli yanapofunguliwa, ili apate kamera, yaani zile nguo bora zinazochaguliwa kabla ya wengine hawajagusa. Zinazobaki baada ya mkono wa kila mtu kupita huitwa fagia, na bei yake ni ya kufagia kweli. Lakini binti huyu ana jicho la pekee. Hatafuti nguo mpya. Anatafuta nguo za zamani. Alituonyesha koti la suti lenye kola pana, akasema ni la miaka ya 1970, nasi tulipokuwa vijana tuliyavaa hayohayo tukijiona wafalme. Alijua umri wa vazi kwa kutazama zipu, kwa kusoma kitambulisho cha kitambaa kilichoshonwa ndani, kwa kupapasa bitana. Chuoni, alisema, alisomea biashara. Historia ya mavazi alijifunza kwa kuinama juu ya mabeli.

Najua kuna msomaji anayetikisa kichwa. Atauliza: huyu mzee anasifu vipi mitumba, ilhali mitumba ndiyo iliyoviua viwanda vyetu? Swali ni la haki. Waliokuwa wakifanya kazi Kicomi kule Kisumu, na Rivatex kule Eldoret, hawahitaji kuhadithiwa yaliyotokea soko lilipofunguliwa wazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Rivatex ilisimama, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, ikazinduliwa upya mwaka wa 2019. Mwaka wa 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba hadi ikome. Marekani ikanuna, Kenya ikajiondoa upesi, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikanyimwa nafasi ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Janga la korona lilipoingia mwaka wa 2020, serikali yetu ilipiga marufuku uagizaji wa mitumba kuanzia Machi, ikaurejesha Agosti. Miezi hiyo ilitosha kuonyesha ni nyumba ngapi za Eastlands zinakula kutokana na beli.

Kwa hiyo sisemi mitumba ni neema. Nasema tu kwamba binti huyu hakuifunga Rivatex, na kwamba ujuzi alionao ni ujuzi hata kama umetokana na msiba. Jirani yake kibandani ni fundi cherehani, mwanamume wa makamo asiyependa maneno. Binti humletea koti kubwa la mzungu mnene, naye hulifumua lote, mshono kwa mshono, akalipunguza, akalikata upya, akalitia kitenge mifukoni. Nilimuuliza alijifunzia wapi kushona makoti. Akasema shule aliyosomea ilimfundisha sketi na sare za shule. Makoti alijifunza kwa kuyafumua. "Ukilifungua koti la zamani unaona fundi wake alificha nini," alisema, akainamia tena mashine. Kwa maoni yangu, huo ndio usomaji hasa, na sijui kama nimewahi kusikia mhadhiri akiueleza vyema zaidi.

Tulipata sweta jekundu la fagia, kiwiko kimetoboka, kwa shilingi 50. Mtoto alitaka tuondoke mbio, lakini nilisimama, kwa sababu mbele ya kibanda cha binti palikuwa na mtu juu ya ngazi.

Alikuwa mchoraji wa mabango. Alikuwa akiandika jina la kibanda kwenye ubao wa mabati, mkono wa kulia ukiwa umeegemea kijiti alichokishika kwa mkono wa kushoto, ili brashi isitetemeke. Kwanza alipiga mistari miwili ya chaki kwa uzi uliovutwa na kuachiliwa. Kisha akaandika herufi bila kupima, moja baada ya nyingine, na zote zikaenea mahali pake kama watu waliokaa kwenye benchi bila kusukumana. Aliposhuka tukazungumza. Ni yeye aliyechora kuta za shule moja ya hapa jirani: ramani ya Afrika, mmeng'enyo wa chakula, sayari na jua lake, na simba aliyeshika kitabu. Vizazi vya watoto vimejifunza miji mikuu ya Afrika kwenye ukuta ule wakati wa mapumziko. Miaka michache iliyopita kuta zikapakwa rangi moja, lango likatundikwa bango la plastiki lililochapishwa kwa mashine, lenye picha za watoto wasio wa shule hiyo wala wa nchi hii. Bango limeshapauka. Ya kwake ilikaa miaka kumi na miwili.

Hakusema hayo kwa uchungu. Alisema bango la mashine hutoka kwa saa moja na ni rahisi, na mtu mwenye duka hana budi kuhesabu senti zake. Zamani alikuwa na vijana watatu wa kumsaidia na kujifunza. Sasa hana hata mmoja. Nilimuuliza shule imewahi kumwalika awaonyeshe watoto namna ya kuchora ramani ile. Alicheka sana.

Nchi yetu imekuwa na tabia ya kuwafukuza wachoraji wake kwa mkono mmoja na kuwaita kwa mwingine. Walimu wa rika langu wanazikumbuka zile manyanga za miaka ya 1990, zilizotoka Buruburu, Umoja na Kayole zikiwa zimechorwa kutoka taa hadi taa. Sheria za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, kila matatu ilitiwa mstari wa manjano na picha zikafutwa. Mikanda na vidhibiti mwendo viliokoa maisha ya watu, sina ubishi hapo. Lakini picha ya mwanamuziki ubavuni mwa gari haikuwahi kumwua abiria. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba michoro iruhusiwe, kwani ni ajira ya vijana. Kwa miaka kumi hiyo mikono mingapi iliiacha brashi? Na bado mchoro wa barabarani huzaa. Joseph Bertiers Mbatia, ambaye picha zake zimefika kwenye maonyesho ng'ambo, alianza kwa kuandika mabango ya mabucha na baa huko Dagoretti. Cyrus Kabiru, aliyekulia Eastlands karibu na jaa, hutengeneza miwani ya ajabu kwa vyuma na nyaya zilizotupwa, na dunia humwita msanii. Mwaka wa 2022 kikundi cha Wajukuu kutoka Lunga Lunga, Mukuru, si mbali na hapa, kilialikwa kwenye maonyesho makubwa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, wakaufunika mlango wa ukumbi kwa mabati makuukuu kama ya kwetu. Wazungu walipanga foleni kupita chini ya mabati ambayo sisi huyapita tukiziba pua.

Ndugu mwanafunzi, kama umesoma shule ya bweni, yaelekea ulikwenda na sanduku la bati. Sanduku hilo huenda lilipigwa nyundo Kamukunji, na mtu aliyeupinda mkunjo wake bila mashine na bila kupoteza hata upana wa kidole cha bati alikuwa akifanya jiometri uliyokwenda kuisomea huko bwenini. Jiko la udongo lililovikwa bati, linalotumiwa sasa katika nchi nyingi za Afrika, lilipata umbo lake hapahapa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mikono ya mafundi wa jua kali. Shirika la Kazi Duniani lilipoiandikia Kenya ripoti mwaka wa 1972, lilisema wazi kuwa kazi hizi zina tija na kwamba serikali iache kuzibughudhi. Ripoti zilisomwa. Vibanda vikaendelea kubomolewa.

Nimewaeleza walimu wenzangu kadhaa wazo langu, nao wamenipa pingamizi zao, ambazo si za kupuuzwa. Sheria inamtaka anayefundisha awe amesajiliwa na TSC. Mama mboga hana hata cheti cha darasa la nane. Darasa lina watoto sitini, na kuwavusha Outering ni kuomba balaa. Tena mwalimu ana fomu za kujaza hadi usiku. Yote ni kweli. Lakini sisemi mama mboga aajiriwe na TSC. Nasema aletwe darasani kipindi kimoja kwa juma, mwalimu akiwa palepale, aonyeshe kitako kinavyoanzwa. Mwalimu ataeleza, yeye ataonyesha. Na alipwe. Hapo ndipo nimewaona wenzangu wakigeuza macho. Wako tayari kumwalika kwa moyo wa kujitolea, ahudhurie siku ya wazazi, apigiwe makofi, apewe soda. Saa mbili za mama mboga ni saa mbili za mboga zinazonyauka. Pesa ambazo wazazi wa darasa moja hutumia kununulia kazi bandia kwa muhula zingemlipa yeye, na mchoraji, na yule fundi wa makoti, zikabaki.

Kinachonitia hofu zaidi si alama za uongo. Mama mboga ana mabinti wawili, na hakuna anayejua kufuma. Mchoraji hana mwanagenzi. Fundi cherehani amemkataza mwanawe asikaribie mashine, ili asome. Tulichowafundisha watu hawa kwa miaka arobaini ni kwamba kazi yao ni mahali pa kuangukia walioshindwa na shule, nao wametuamini.

Jumamosi ile tulirudi kwa mama mboga saa sita kasorobo. Mtoto alifumua sweta ukutani, uzi mwekundu ukijaa miguuni kama makaa. Alianza kitako mara tatu, kikajikunja kama jani la kabichi mara tatu, na mara zote mama alikifungua bila kumkemea. Jioni alikuwa na duara la upana wa kiganja, limekaza, jekundu na jeupe. Jumapili baada ya kanisa aliongeza mizunguko mingine. Kikapu hakikuisha.

Jumatatu alipeleka kitako hicho, huku wenzake wakiwa na vikapu kamili vyenye vipini. Alitiwa alama za chini, kwa sababu maagizo yalisema kikapu. Hata hivyo mwalimu wake, msichana mdogo aliyetoka chuoni majuzi, alimwita baada ya kipindi akamuuliza ni nani aliyemfundisha kuongeza nyuzi namna ile, kwa kuwa yeye mwenyewe hajawahi kuona ikifanywa. Alisema angependa kuja Tena Jumamosi hii amwone mama huyo.

Nilimpelekea mama mboga habari hizo jana nilipokwenda kununua nyanya. Alifurahi. Kisha akaniuliza, huku akinifungia nyanya zangu, kama huyo mwalimu atakuja kujifunza tu, au atakuja na cha kumlipa.